Ada ya mafunzo kwa vitendo tumelipa, mitambo ya maabara tumeiona kwenye slaidi

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Somo la uchambuzi wa kikemia kwa kutumia mitambo, ambalo ndilo linalomwandaa mkemia kwa kazi halisi ya maabara, tulifundishwa kwa slaidi mwanzo hadi mwisho. Tulichora spektrofotometa, yaani mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na sampuli, kwa visanduku na mishale: chanzo cha mwanga, kichagua mawimbi, sampuli, kitambuzi, kisomeo. Mchoro uleule ukaja kwenye mtihani, tukaurudisha kama tulivyopewa, na wengi tukafaulu vizuri tu. Mashine yenyewe ilikuwa chumba cha pili, imefunikwa shuka, mlango una kufuli na mwenye ufunguo yuko safarini. Ilifunuliwa walipokuja wakaguzi, kisha ikafunikwa tena.

Chuo sikitaji, kwa kuwa najua hakiko peke yake. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba kila mwaka katika mchanganuo wa ada palikuwa na kifungu cha mafunzo kwa vitendo, nasi tulikilipa. Kutazama shuka nako ni kitendo?

Hoja ambayo tumejibiwa kila tulipouliza ni kwamba nadharia ndiyo msingi, na mengine mtu atayapata kazini. Naomba niipime hoja hiyo kwa kipimo kimoja tu, nacho ni floridi katika maji ya kunywa, jambo ambalo watu wa Arusha na maeneo mengine ya Bonde la Ufa hawahitaji kuelezwa, maana floridi ikizidi huharibu rangi ya meno, nao wanalibeba kwenye meno yao. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango chake kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nadharia ya kupima tuliijua barabara: elektrodi (kijiti cha kupimia kinachotumbukizwa kwenye maji) yenye fuwele ya lanthani floridi, ambayo katika nyuzi 25 za Selsiasi hubadilisha volteji kwa takriban milivolti 59 kila kiwango cha floridi kinapoongezeka au kupungua mara 10. Tuliandika, tukapata alama zetu.

Sasa chukua maji ya kisima halisi. Kama yana alumini au chuma, madini hayo huishika floridi na elektrodi haiioni, hivyo ni lazima uongeze bafa, yaani mchanganyiko unaozuia uasidi usibadilike, yenye kemikali ya kuyakamata madini hayo, inayolinda pia pH (kipimo cha uasidi) iwe kati ya 5 na 5.5. pH ikishuka sana, floridi hujifunga na haidrojeni na kujificha. Ikipanda sana, haidroksidi huidanganya elektrodi ikadhani ni floridi. Sampuli na miyeyusho ya viwango vinavyojulikana lazima viwe na jotoridi moja na vikorogwe kwa mwendo mmoja, na usomaji usiandikwe kabla haujatulia, jambo ambalo katika viwango vya chini hudai subira kwelikweli. Kosa la milivolti 1 ni takriban asilimia 4 ya jibu. Kosa la milivolti 5, ambalo mtu asiyewahi kuishika elektrodi hiyo hatalitambua kabisa, linaweza kuifanya 1.5 isomeke 1.8 au 1.2, yaani kisima kilekile kifungwe au kiruhusiwe kutegemea ni nani alikuwa zamu siku hiyo. Subira hiyo na jicho hilo havikaririwi. Hupatikana kwa kuchora mstari wako mwenyewe wa kalibresheni, yaani wa kulinganisha usomaji na viwango unavyovijua, ukauona umepinda, ukatafuta ulipokosea.

Na kifaa ninachokisema hapa hakihitaji mfadhili kutoka nje. Elektrodi inashikika mkononi kama kalamu, na huunganishwa na mita ya pH yenye uwezo wa kusoma milivolti, ambayo idara nyingi za kemia tayari zinayo. Kisingizio cha gharama kinaanguka hapo hapo.

Kwa mitambo mikubwa nakubali ugumu upo. Mtambo wa kupima metali kwa ufyonzaji wa atomi unahitaji taa ya kila metali unayoipima, hivyo mtambo wa msaada ulioletwa bila taa ya risasi (ile metali yenye sumu) hauwezi kupima risasi hata ung'ae namna gani. Kromatografia ya kimiminika, mtambo unaotenganisha kemikali zilizochanganyika, nayo ina kolamu (bomba la kutenganishia) ghali, na chumvi ya bafa ikiachwa ndani usiku kucha huganda na kuziba mabomba. Nilielezwa kuwa ndiyo sababu wanafunzi hatukuruhusiwa kusogea. Lakini kumfundisha mwanafunzi kuusafisha mfumo kwa maji kabla ya kuingiza methanoli ni sehemu ya somo lenyewe! Anayezuiwa leo asiharibu mashine ya chuo ataiharibu ya mwajiri, kisha aitwe mzembe.

Mwajiri naye anadai uzoefu wa mtambo huohuo kwenye tangazo la kazi, na ana haki, kwa sababu mahindi hayasubiri. Mwaka 2004 sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 ilileta vifo Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, kiasi kidogo ambacho macho hayakioni. Tena sumu hiyo haisambai sawasawa gunia zima, kwa hiyo aliyechota sampuli vibaya atapata jibu safi kutoka kwa mashine isiyo na hitilafu, na jibu hilo litakuwa la uongo. Sikumbuki slaidi hata moja iliyotaja gunia.

Ninachokidai ni kwamba mwanafunzi asipewe alama za somo hili kabla hajaandaa miyeyusho yake ya viwango, hajapima sampuli asiyoijua na hajaonesha jibu lake linapishana kiasi gani anaporudia. Waliosoma mahali ambapo hilo hufanyika waseme hapa, wataje wanavyogawana zamu na vitendanishi. Na mhadhiri au mkuu wa idara unayesoma uzi huu kimyakimya, kabla hujanijibu kuhusu bajeti, tueleze kwanza ile ada ya mafunzo kwa vitendo ilinunua nini.