Naomba ushauri: kutundika picha kwenye kuta za chokaa, Mji Mkongwe

Assalaam alaykum wenzangu. Wachoraji sita tunaandaa maonesho ya pamoja ya picha za mandhari: mikoko ya Chwaka, msitu wa Ngezi, mikarafuu ya Pemba. Nyumba tuliyopata Shangani ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa. Jana nilipiga msumari mmoja tu, chokaa ikamegeka, likabaki shimo la kuingia kidole gumba. Nimeumia sana, maana mji huu ni urithi wa dunia tangu 2000.

Tumefikiria kuzining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti za dari. Picha kubwa ina karibu mita mbili, na unyevu wa masika umeshaanza kuilegeza turubai. Boriti zitahimili? Na nyuma ya picha tuweke nini zisiote ukungu? Aliyewahi kufanya atuelekeze, tafadhali.