Naomba ushauri: makaburi ya wazazi wangu na mimi nakaribia kustaafu

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Mimi ni mtumishi wa serikali, nina miaka 58, yaani imebaki miwili tu nifike 60 ya lazima. Kwetu ni Rombo, Kilimanjaro, wazazi wote wamelala kwenye kihamba, yaani shamba la familia pale nyumbani, na mdogo wetu wa mwisho ambaye ndo aliachiwa nyumba kama mila zetu zilivyo naye tumemzika mwaka jana, kwa hiyo sasa hivi pale hakuna mtu.

Desemba nilipopanda nyumbani nikakuta kaburi la mama limetitia upande wa kichwani, msalaba wa mbao jina limefutika kwa mvua zimebaki herufi mbili, ila masale (ile mimea ya mila yetu Wachaga) tuliyopanda yamestawi kweli. Nililia jamani. Nikachukua jembe nikajaza udongo mwenyewe, mgongo uliniuma siku tatu.

Fundi kanipigia hesabu ya milioni 3 kujengea yote matatu. Nimeweka kwenye grupu la familia, tumebaki watano, wawili wametoa kidogo wengine kimya, na siwezi kuwalaumu sana maana ada zinawabana kama mimi tu, bado nina mtoto yuko chuo.

Naomba mnisaidie, nikope sasa nijenge wakati mshahara bado unaingia au nisubiri kiinua mgongo? Na mliopitia hili, kihamba mlimwachia nani aangalie, ndugu wa ukoo au mtu wa kulipwa? Usiku nashtuka nawaza lile kaburi.