Mark X GRX120 au Crown Athlete GRS180? Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Mtu wa Kimara
Wakuu habari za Jumapili. Nna milioni 18 mkononi, hela ya kiwanja nilichouza Chanika, na nyumbani tumeshakubaliana inaenda kwenye gari. Kichwani nimebakiza mbili tu, Mark X ile ya kwanza (GRX120) na Crown Athlete (GRS180), zote cc 2500, zote za mkononi hapahapa bongo namba D. Matumizi yangu ni Kimara mpaka Posta siku za kazi, foleni ya asubuhi mnaijua, alafu mara chache kwa mwaka tunapanda Iringa kwa wazazi, wakubwa wawili, watoto wawili na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua kwahiyo siti ya nyuma kwangu sio jambo dogo. Mark X niliyoiona ni ya 2006, nyeusi, inang'aa balaa, jamaa anataka 16.5. Crown ni ya 2005, silva, anauza mzee mstaafu, anataka 17 na anasema hapungui. Nimeuliza mafundi wawili, mmoja kasema Crown ndo inakula mafuta, mwingine kasema Mark X. Mliowahi kumiliki niambieni ukweli, ipi haitanisumbua?

Fundi V6
Mkuu hao mafundi wote wamebahatisha. Fungua boneti ya Mark X, fungua ya Crown, unakuta injini ni ileile, 4GR-FSE, V6, cc 2499, farasi 215. Hata umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma ni uleule, milimita 2850. Crown imeizidi Mark X urefu kama sentimita 11 na uzito kidogo, basi. Tofauti ya mafuta kati ya hizo mbili zikiwa nzima utaitafuta kwa tochi. Ukikuta moja inakula sana kuliko nyingine ujue ni mgonjwa, usisingizie jina la gari.

Sasa ugonjwa wenyewe ndo huu, na sikiliza vizuri maana hapa ndo hela zinapotea. Hiyo injini ni D-4, petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti kwenye valvu za kuingizia hewa. Kwenye injini za kawaida petroli inapita pale na inaziosha zile valvu, kwenye 4GR hakuna kinachoziosha, kwahiyo masizi yanaganda mwaka hadi mwaka mpaka gari inaanza kutetemeka ikiwa sailensa (injini inaunguruma hujakanyaga mafuta), inakosa kuchoma silinda moja moja, na mafuta yanapanda. Pili ringi za pistoni zikichoka inaanza kunywa oili, na wenye gari wengi hawapimi oili mpaka taa iwake. Ukiona 4GR inakohoa moshi wa bluu asubuhi, achana nayo hata kama imepigwa polishi ikawa kioo. Hii ni kwa zote mbili, Mark X na Crown.

Mama Shani
Kaka mi nna Mark X ya 2007, naitumia Tegeta mjini, naipenda kweli. Foleni inanipa km 7 hadi 8 kwa lita, nikienda Dodoma inafika 11 na kidogo kama sikimbizi. Ina nguvu, ukikanyaga kuovateki lori hupati presha. Ila imelala chini jamani, matuta ya mtaani nayapita kwa upande, na ukipakia watu watano na mabegi unasikia kabisa inagusa. Barabara ya kwenda kwenu Kimara ukishaacha lami ikoje? Kama ni makorongo jiandae bampa la mbele na bushi. Na usisahau bima kubwa, ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari kila mwaka, watu wanapiga hesabu ya kununua tu.

Mnyalu wa Ipogolo
Mwenzio wa Iringa hapa, natumia Crown hiyohiyo GRS180. Kitonga naipanda na familia nzima na AC imewashwa, haishtuki. Kwa mama mkwe mwenye magoti nenda Crown, nyuma panakaa vizuri zaidi, mlango unafunguka vizuri na siti haijazama sana. Ila angalia ni Athlete kweli au ni Royal, toleo lingine la Crown hiyohiyo, iliyobadilishwa grili, maana Royal ni laini, inakubembeleza, Athlete imekazwa kidogo shokapu. Kwa mtu mzima mi ningetafuta Royal kabisa. Kero yake ni taa na vitu vya umeme, taa moja ya mbele ikipasuka utaijua bei yake Gerezani, na skrini ni ya Kijapani, baadhi ya mambo ya AC na redio inabidi uyakariri yalipo. Spea za Mark X zimejaa zaidi kwakuwa gari zenyewe ni nyingi. Za injini hazina shida, si injini moja.

kijana_wa_yadi
Kwanini usiagize tu Japan upate safi? Hizo za mkononi ni kununua shida ya mtu.

Fundi V6
Kijana, kwa bajeti yake piga hesabu vizuri. Ushuru wa forodha 25%, ushuru wa bidhaa 10% kwakuwa imezidi cc 2000, alafu uchakavu 30% kwakuwa imepita miaka 10, na VAT 18% inakuja juu ya vyote hivyo. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA uweke GRX120 uone. Milioni 18 haitoshi kupata safi, itatosha kupata ile waliyoikataa wengine kwenye mnada.

Dereva Mtulivu
Kama ni kuongeza hela subiri upate Mark X ya pili, GRX130, zilianza mwishoni mwa 2009. Ila injini ya 2500 ni hiyohiyo 4GR kwahiyo habari ya masizi bado ipo. Inayokwepa kidogo ni 2GR-FSE ya 3500, yenyewe ina nozeli za aina mbili, moja inapulizia kabla ya valvu, lakini kwa foleni ya Kimara hiyo ni kujitafutia umaskini.

Mtu wa Kimara
Nashukuruni sana wakuu. Nimerudi kuziangalia zote leo. Mark X nilimwambia jamaa nakuja saa moja asubuhi, nimefika nakuta kashaiwasha, boneti ya moto, anasema alikuwa anaipasha. Sailensa inatetemeka kidogo ukiweka D na breki umekanyaga, kwenye R inachelewa kama sekunde alafu inashtuka. Injini imeoshwa inang'aa, hata vumbi hamna. Crown nimeikuta imelala nje ina umande, mzee kaniachia funguo niwashe mwenyewe. Imeshika mara moja, kuna mlio wa kama mnyororo nusu sekunde ukaisha, moshi hamna. Oili kwenye stiki iko katikati, nyeusi lakini sio tope. Pembeni ya pampu ya maji kuna kitu kimekauka cha rangi ya pinki. Bushi za mbele zinagonga kwenye tuta. Km zinasoma 148,000, na ana daftari la sevisi ameandika kwa mkono tarehe na km za kila alipobadili oili. Mnasemaje?

Fundi V6
Hiyo Mark X achana nayo. Gari inayouzwa ikaoshwa injini na ikapashwa kabla hujafika, na bado inatetemeka na kushtuka kwenye R, mwenyewe anajua anachoficha. Inawezekana ni mikono ya injini tu (raba zinazoishikilia injini), inawezekana ni gia boksi, lakini kwanini uende kugundua kwa hela yako.

Crown imejieleza yenyewe. Ile pinki ni kulanti, maji ya kupoza injini, pampu ya maji imeanza kuvuja, ni ugonjwa wa kawaida wa hizi injini, unabadilisha, ila usipande nayo Kitonga kabla hujabadilisha maana V6 ikichemsha hadithi imeisha. Bushi ni za kubadilisha tu. Mlio wa nusu sekunde asubuhi ni wa gia za VVT-i, zile zinazopanga muda wa valvu kufunguka, ukiwa mfupi hivyo unaishi nao, ukirefuka ndo kazi. Kabla hujalipa muombe mzee mpeleke gereji unayoijua wewe, wafungue plagi zote 6 uzipange mezani kwa mpangilio wa silinda. Zikiwa na rangi ya kahawia kavu, vizuri. Ukikuta moja imelowa oili nyeusi na nyingine kavu, wapime kompresheni hapohapo. Waweke na mashine wasome kodi za hitilafu za injini, hata kama taa ya injini haijawaka. Alafu pampu ya maji na bushi peleka kwenye bei, mzee anayeandika daftari ni mtu wa kuelewa, muonyeshe kwa kidole.

Mnyalu wa Ipogolo
Na ukishaichukua tumia oili 5W-30 ya kueleweka, inaingia zaidi ya lita 6 na filta, usikubali wakuwekee 4 wakakwambia inatosha. Na mafuta weka sheli moja unayoiamini, pampu ya presha ya D-4 haitaki maji wala uchafu.

Mama Shani
Ongezea nyaraka kaka. Jina kwenye kadi lifanane na la kitambulisho cha mzee, namba ya chesisi isome kwenye gari yenyewe sio kwenye kadi tu, uliza kama kadi haipo benki kwa mkopo. Weka namba ya gari uangalie faini za trafiki na deni la paking, likiwepo alilipe yeye. Na hela yote usitoe mpaka mmesaini mkataba kwa mwanasheria na mmeanza kubadilisha umiliki TRA.

Mtu wa Kimara
Nimeongea na mzee sasa hivi, kakubali gereji Jumanne na kakubali kupunguza hela ya pampu kama fundi atathibitisha. Fundi V6 nitaleta picha za plagi hapahapa, naomba usikose.

Fundi V6
Nitakuwepo. Piga picha upande wa ncha, na uandike kila moja imetoka silinda namba ngapi.