Uzi wa sumo: mnaoijua mieleka ya Japani ukumbini, tupeane uzoefu

#1
Wakuu, msimu ukikaribia maswali ni yaleyale: tiketi zinapatikanaje, ukae wapi, ufike saa ngapi, utakula nini. Wenye ujuzi wamwage hapa. Hadithi za safari tuziweke kando, tuandike kinachomsaidia mtu anayepanga.

Naanza na kalenda, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Mashindano makubwa ni sita tu kwa mwaka. Januari, Mei na Septemba yako Tokyo, ukumbi wa Kokugikan, hatua chache kutoka stesheni ya Ryogoku. Machi ni Osaka, Julai Nagoya, Novemba Fukuoka. Kila moja huchukua siku 15, Jumapili hadi Jumapili. Ukitua Tokyo Machi, Kokugikan hukuti sumo. Aprili, Agosti, Oktoba na Desemba wanamieleka huwa kwenye ziara za mikoani. Zile ni maonyesho, matokeo hayaingii kwenye rekodi ya mtu, ila ni rahisi zaidi kuwasogelea.

#2
Mkuu umeruka viza. Wenye pasi za Tanzania na Kenya wanaihitaji, na tiketi hutoka karibu mno na mashindano, kwa hiyo viza ianze kwanza.

Tiketi huanza kuuzwa takriban mwezi mmoja kabla kwenye tovuti rasmi, Ticket Oosumo, ambayo ina ukurasa wa Kiingereza. Mauzo hufunguliwa saa nne asubuhi ya Japani. Wako mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo Dar na Nairobi ni saa kumi alfajiri. Kuamka si shida kubwa, shida ni kadi. Benki inatuma namba ya uthibitisho kwa SMS, laini iko kwenye simu nyingine au SMS inachelewa, muda unakwisha, viti vinachukuliwa na mwingine. Siku moja kabla, hakikisha kadi imefunguliwa kwa malipo ya nje na ujaribu nayo kununua kitu kidogo mtandaoni.

Wikiendi na siku ya mwisho huisha mapema. Jumanne hadi Alhamisi ya wiki ya kwanza ndizo nafuu kupata. Hasara yake ni kwamba wakubwa kwa wakubwa hukutanishwa siku za mwishoni. Mwanzoni yokozuna, yaani wale wa cheo cha juu kabisa, hupangiwa walio chini yao. Mimi ningesema kwa mgeni haijalishi, na mara nyingine siku hizo ndizo mkubwa huangushwa na mtu asiyetarajiwa.

Walanguzi muwaogope. Tangu 2019 Japani ina sheria inayokataza kulangua tiketi, na mwenye tiketi ya namna hiyo anaweza kuishia mlangoni.

#3
Viti sasa. Kuna aina tatu, na picha za mtandaoni hazisemi ukweli wote.

Walio chini kabisa, kando ya ulingo, wanakalia mto sakafuni. Hakuna kula, hakuna kunywa, hakuna kupiga picha. Mwanamieleka wa kilo 150 akisukumwa nje anashuka kutoka ulingo wenye kimo cha zaidi ya nusu mita, na atakapoangukia ni mapajani mwako. Kwa mara ya kwanza sikushauri.

Nyuma yao kuna vizimba: mraba wa kama mita 1.3 kila upande, umezungushiwa bomba fupi la chuma, mito minne ndani. Umeandikiwa watu wanne. Wanne wenye miguu mirefu hamtoshi. Nunueni kizimba cha wanne mkae wawili, au watatu mkibanana. Viatu vinavuliwa, kwa hiyo soksi ziwe nzima. Mwenye goti bovu asijaribu, saa tatu za kukunja miguu ni adhabu.

Ghorofani ni viti vya kawaida, na ndivyo vya bei ya chini. Safu za mbele za ghorofa unaona vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu unatazama kwa juu na mguu uliovuka mstari unauona.

Jambo ambalo wauzaji hawaelezi: angalia upande. Upande wa mbele unaitwa shomen. Yokozuna akifanya ibada ya kuingia ulingoni huelekea huko, na mwamuzi naye uso wake uko huko. Ukikaa upande wa pili, mukojomen, unaangalia migongo. Bei ikilingana, chukua shomen.

#4
Saa. Milango hufunguliwa asubuhi na vijana wa madaraja ya chini huanza ukumbi ukiwa mtupu. Huna sababu ya kuwahi hivyo. Fika kama saa saba mchana: kati ya hapo na saa nane na nusu wanamieleka wa madaraja mawili ya juu huingia kwa miguu wamevaa kimono, na mashabiki hujipanga kuwaona. Daraja la pili huingia ulingoni baada ya saa nane. Daraja la juu, makuuchi, hujitambulisha kabla ya saa kumi, na mapambano yao huendelea mpaka saa kumi na mbili jioni. Siku ya mwisho kila kitu huanza nusu saa mapema zaidi ili kutoa kombe.

Makuuchi wako 42, yaani mapambano kama 21 kwa saa mbili pungufu. Kila moja lina dakika tano hivi, na mieleka yenyewe ni sekunde chache. Muda uliobaki ni kurusha chumvi ulingoni, kuchuchumaa, kukaziana macho na kurudi kona. Wageni huinua simu kila wakichuchumaa, mikono inachoka, halafu pambano lenyewe linawapita. Dalili ni taulo. Daraja hili lina dakika nne za maandalizi; zikiisha, wahudumu wa kona husimama na kumpa kila mmoja taulo. Anajifuta uso na kwapa, anachukua chumvi ya mwisho, na ukumbi unanguruma. Hapo ndipo uinue simu.

Ukiona bendera zinazungushwa ulingoni kabla ya pambano, ni za wadhamini, kila moja yen 70,000. Zikiwa nyingi una muda wa kukimbia msalani. Na waamuzi watano wenye kimono nyeusi wakipanda ulingoni, matokeo yamepingwa: wanaweza kuyathibitisha, kuyageuza, au kuamuru warudie.

#5
Chakula. Kokugikan inasifika kwa mishikaki ya kuku, inachomwa humohumo chini ya jengo na huliwa ikiwa imepoa. Kuku hutembea kwa miguu miwili, na kwenye sumo anayegusa chini kwa mikono ameshindwa, ndiyo sababu wanampenda. Kuna pia chanko, mchuzi mzito wa wanamieleka, huuzwa chini mchana na foleni ni ndefu.

Waislamu, tahadhari: sosi ya ile mishikaki kwa kawaida ina mirin, mvinyo wa mchele, kuku si wa kuchinjwa kisharia, na chanko inaweza kuwa na nguruwe. Kuleni kabla. Na mwenye kuswali apange mapema: Tokyo katikati ya Januari Magharibi inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, katikati ya mapambano ya makuuchi. Mei inaingia baada ya mashindano kumalizika. Hili si jambo geni kwenye mchezo wenyewe, Osunaarashi wa Misri alipigana Nagoya Julai 2013 akiwa amefunga Ramadhani.

#6
Nyongeza ya #3. Yokozuna akiangushwa mtaona watu wakirusha mito. Imekatazwa, na inaumiza ikikupiga kisogoni, kwa hiyo geukeni muangalie nyuma. Fukuoka mito imeunganishwa pamoja isirushike. Baada ya pambano la mwisho msikimbilie mlangoni, mwanamieleka mmoja hubaki kuzungusha upinde kama ibada ya kufunga siku, na kwa dakika hizo foleni ya stesheni inapungua.