Piza ya nyumbani hapa Mwanza: dagaa, sangara wa moshi au sato?

Mpishi wa Nyegezi
Wadau, habari za jioni. Jumamosi nina wageni na nimewaahidi piza. Nyama ya kusaga na soseji sitaki, nataka wale kitu cha ziwani. Nimebaki na vitatu: dagaa, sangara wa moshi au sato. Oveni sina, nina jiko la mkaa na sufuria nzito. Mnanishauri nini?

Mwaloni Kirumba
Dagaa, bila kusita. Waitaliano wenyewe huweka samaki wadogo wa chumvi kwenye piza, kwa hiyo usiogope kuonekana wa ajabu. Cha kuangalia ni mchanga. Walioanikwa chini huja nao, walioanikwa kwenye chanja ni wasafi. Ongeza hela uchukue wa chanja. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu, wakauke kabisa, kisha kaanga mpaka ukimvunja mmoja usikie mlio. Halafu usiwaweke mwanzoni! Piza ikibakiza dakika mbili tu kuiva ndipo uwamwage juu, na vitunguu na pilipili mbuzi. Wakiwahi kuingia watafyonza maji ya nyanya na kulegea, na utamu wote wa dagaa uko kwenye ule ukavu.

Binti Sengerema
Ndugu wa Mwaloni namheshimu, ila kwa mgeni asiyezoea dagaa mimi naona sangara wa moshi. Ana mafuta yake, na ule moshi unaipa piza ladha ya tanuri la kuni ambayo sufuria haiwezi kuitoa. Mchambue vipande vidogo, chumvi onja kwanza. Sato mbichi achana naye. Anatoa maji juu ya unga, katikati hapaivi. Huyo muache na ugali wake.

Mama wa Igoma
Mwanangu, mbona mapanki hamyataji, yale mabaki ya sangara akishatolewa minofu? Yakaange, ubandue nyama iliyobaki mgongoni na kichwani. Ni sangara yuleyule kwa bei ya chini. Kazi ni miiba tu. Kama wageni wana watoto, usithubutu.

Mpishi wa Nyegezi
Shikamoo mama, asante sana. Watoto wapo. Na jibini je? Mozarela bei yake imenishinda.

Binti Sengerema
Si lazima. Napoli wana piza iitwayo marinara: nyanya, kitunguu saumu, origano na mafuta ya zeituni, jibini hakuna kabisa. Kwa samaki naipenda hivyo. Ukitaka weupe, chemsha lita ya maziwa, kamulia ndimu mpaka yakatike, chuja kwa kitambaa safi. Haitayeyuka wala kuvutika kama mozarela, kwa hiyo ivurugie juu mwishoni.

Fundi Jiko Ilemela
Mnahangaika na vya juu, unga hamjaugusa. Nusu kilo ya ngano, maji mililita 300 hivi, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kimoja na nusu. Kanda mpaka uvutike bila kukatika. Kwa joto letu unaumuka haraka, usiusahau. Nyanya zipike kwanza ziwe rojo zito, maana maji ndiyo adui wa piza ya sufuria. Sufuria ipate moto ikiwa tupu, ndipo uweke unga. Mkaa kidogo chini, mwingi juu ya mfuniko. Chini ukizidi, kitako kinaungua huku juu pakiwa bado pabichi, na hapo hakuna wa kukuokoa.

Mpishi wa Nyegezi
Basi watu wazima dagaa, watoto sangara wa moshi. Jibini nitatengeneza ya ndimu.

Mama wa Igoma
Huyo sangara mchambue mchana kweupe, si usiku kwa taa. Miiba ya ubavuni ni myembamba, pitisha vidole kila kipande kabla hakijafika kwenye unga.