Tambi za mayai au za kawaida: zipi zina lishe zaidi?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Naomba mnisaidie kuchagua. Kwangu tambi hupikwa mara mbili kwa wiki, na walaji wangu hawafanani. Mwanangu wa miaka minne hataki kuona yai. Liwe la kuchemsha au la kukaanga, sahani anaisukuma. Mama mkwe naye tunaishi naye, na daktari amemwambia lehemu (kolesteroli) yake iko juu.

Nilikuwa nimeshaamua kuhamia tambi za mayai ili mtoto apate yai bila vita. Jana nikaangalia jedwali la virutubishi la Wizara ya Kilimo ya Marekani, nikabaki nimeduwaa. Gramu 100 za tambi za mayai zilizopikwa: protini gramu 4.5. Za kawaida zilizopikwa: gramu 5.8. Yaani zenye mayai ndizo zenye protini kidogo? Mayai yamekwenda wapi?

Kibaba
Dada, mayai yapo, kilichokuchanganya ni maji. Tambi za mayai kwenye jedwali hilo zimenyonya maji mengi zaidi wakati wa kupikwa. Piga hesabu kurudi nyuma: gramu 100 zilizopikwa za kawaida zimetoka kwenye kama gramu 43 za tambi kavu, lakini za mayai zimetoka kwenye kama gramu 36 tu. Kwa hiyo umelinganisha chakula kingi na chakula kidogo.

Linganisha kavu kwa kavu, gramu 100 kila upande. Za kawaida: kilokalori 371, protini 13, mafuta 1.5, wanga 75, lehemu hakuna kabisa. Za mayai: kilokalori 384, protini 14.2, mafuta 4.4, wanga 71, lehemu miligramu 84. Hapo unaona yai limefanya nini hasa. Protini imepanda kidogo sana, mafuta yamepanda karibu mara tatu, wanga umeshuka kidogo.

Kosa hilohilo ndilo linalowafanya watu waamini kwamba tambi za mayai zinapunguza unene, kwa kuwa zikipikwa zinasomeka kilokalori 138 dhidi ya 158. Pima kabla ya kutia sufuriani.

MsomaLebo
Kibaba kamaliza upande wa maji. Mimi niongeze kiasi cha yai lenyewe, maana jina "za mayai" linaahidi kuliko lilichobeba.

Sheria ya Italia inataka tambi kavu za mayai ziwe na angalau mayai manne, yasiyopungua gramu 200 bila maganda, kwa kila kilo ya semolina, yaani unga wa ngano ngumu. Marekani wanataka yabisi ya yai, yaani yai likishatolewa maji, isipungue asilimia 5.5 ya uzito. Njia mbili tofauti, lakini ukikokotoa zinafika karibu mahali pamoja. Mtu akila gramu 80 za tambi kavu za kiwango hicho cha Italia, amekula kama gramu 15 za yai. Yai la kawaida bila ganda ni kama gramu 50, kwa hiyo hajafikisha hata theluthi ya yai. Protini iliyotoka kwenye yai hapo haizidi gramu 2. Mwanao anakula nusu ya sahani hiyo, labda pungufu.

Na tafadhali usiongozwe na rangi. Ngano ngumu yenyewe ina umanjano wake, na watengenezaji wengine huongeza rangi. Soma orodha ya viambato: yai limeandikwa la ngapi, na kwa asilimia ngapi?

Bi Mkandaji
Ndiyo maana mimi nakanda mwenyewe. Unga gramu 100, yai moja zima. Basi. Hakuna maji, hakuna mafuta. Unapata donge la kama gramu 150, linatosha mtu mzima mmoja, na yai lote limo: protini gramu 6 juu ya ile ya unga, vitamini B12, na kolini, kirutubishi ambacho ngano inacho kidogo sana. Mtoto akila nusu, kala nusu yai. Kwa mtoto anayelikataa yai, sioni njia nyingine ya tambi inayokaribia hii.

Nuru
Kabla ya kukanda, mama, naomba uhakikishe jambo moja. Mtoto anapokataa yai, ni ladha tu au aliwahi kuwashwa, kuvimba midomo au kutapika? Watoto wengine hukataa chakula kinachowadhuru, na wewe ukadhani ni ukaidi. Mzio wa yai hauondoki eti kwa sababu yai limefichwa ndani ya unga.

MamaWawili
Ahsante sana kwa kuuliza, Nuru. Keki zenye mayai anakula tangu zamani bila shida yoyote. Anachokataa ni ule ulaini na harufu.

Na mama mkwe je? Nimpikie zilezile?

Nuru
Basi nimefurahi. Kwa mama mkwe, mimi ningechagua tambi za ngano isiyokobolewa. Gramu 100 zilizopikwa zina nyuzinyuzi karibu gramu 4. Za kawaida hazifiki 2, na za mayai ziko kama 1.2. Kwa mtu mzima mwenye lehemu ya juu, nyuzinyuzi zinamfaa kuliko theluthi ya yai.

Lakini usimtishe na tambi za mayai akizitaka siku mojamoja. Lehemu iliyomo kwenye chakula haipandishi lehemu ya damu kama yanavyofanya mafuta yanayoganda. Siagi, krimu na jibini unavyomwaga juu ya sahani ndivyo vya kuangalia kwanza. Kama daktari amempa kikomo chake mwenyewe, fuateni hicho.

Kibaba
Naongeza moja kuhusu protini. Ubora wake pia una maana. Ngano ina upungufu wa laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, na yai linayo ya kutosha, kwa hiyo hata kiasi kidogo cha yai kinaiboresha protini ya ngano. Dengu na maharage yanafanya kazi hiyohiyo, tena yanakuja na nyuzinyuzi na bila lehemu. Mama mkwe apikiwe sosi ya dengu juu ya zile zisizokobolewa, atakuwa amepata protini bora kuliko ya pakiti yoyote ya mayai.

MamaWawili
Nimeelewa. Mtoto nitamkandia, mama mkwe atapata zisizokobolewa na dengu, na zile pakiti za mayai nitaacha kuzinunua kwa ajili ya lishe. Bi Mkandaji, naweza kukanda za wiki nzima?

Bi Mkandaji
Za wiki usiziache kwenye friji, yai bichi limo. Friji ni siku moja, mbili kwa wingi. Zilizobaki zikate, zinyunyizie unga zisishikane, zifunge kwa mafungu ya mlo mmoja uzigandishe. Siku ya kupika usiziyeyushe, zitie hivyohivyo kwenye maji yanayochemka. Zinaiva haraka kuliko kavu, dakika tatu au nne, kwa hiyo usiondoke jikoni.