Ushauri: Nataka kujenga vibanda vya wageni jirani na matanuri ya mkaa, Kilosa

Myombo Mkavu:
Wakuu, habari za muda huu. Nipo kijijini huku Kilosa, shamba letu limepakana na msitu wa hifadhi wa kijiji. Kaka zangu wanachoma mkaa kwa kibali cha kijiji. Tangu treni ya SGR ianze kusimama Kilosa nawaza kujenga vibanda vitatu vya udongo na nyasi, watu wa Dar waje wikiendi, walale bila umeme, waone tanuri. Je, kuna mtu atatoa hela yake kuja kunusa moshi? Natanguliza shukrani.

Bwana Shamba:
Anza na Kamati ya Maliasili, kisha mkutano wa kijiji. Leseni ya malazi kamuulize afisa biashara halmashauri. Halafu mkuu, moshi siyo kivutio. Huko Kilosa tangu mradi wa mkaa endelevu wa 2012 msitu hukatwa kwa vitalu vya mita 50 kwa 50, kisha kitalu kinaachwa miaka 24 visiki vichipue. Mpeleke mgeni kitalu kilichokatwa juzi, kisha cha miaka kumi nyuma. Wengi mjini wanajua mkaa ni jangwa tu.

Fundi Tanuri:
Nyongeza. Tanuri halifuati ratiba ya wikiendi, linaweza kula wiki nzima na zaidi. Usimwahidi mtu ataona kila kitu. Waite siku ya kupanga magogo na kufukia, au siku ya kufukua. Wafundishe kusoma moshi: mwanzo mzito mweupe, maji yanatoka kwenye kuni, ukiwa mwembamba wa bluu, ziba matundu. Na ASIPANDE mtu juu ya tanuri kupiga selfie! Udongo unabomoka, chini ni moto. Vibanda viweke upande upepo unakotokea.

Mmatumbi Ughaibuni:
Wapo wanaolipa. Hapa Uswidi kuna Kolarbyn, Skinnskatteberg, vibanda vya mtindo wa wachoma mkaa wa zamani, vimefunikwa udongo na nyasi. Umeme hakuna, mgeni anapasua kuni mwenyewe.

Nesi wa Zamu:
Marufuku jiko la mkaa ndani ya kibanda usiku, hata kukiwa na baridi. Hewa yake ya sumu haina harufu, mtu analala haamki tena.

Myombo Mkavu:
Asanteni wakuu. Kumbe kazi ni kubwa, hata vitatu ni vingi, naanza na kimoja. Fundi, bei ya usiku mmoja na chakula unaionaje?

Fundi Tanuri:
Kwanza chimba choo kizuri, bei tutaongea.